Tanuru limezimwa, risasi bado imo udongoni: Owino Uhuru, Kabwe, Lubumbashi

MwanaChangamwe

Wakuu, habari za saa hizi. Kesi ya Owino Uhuru, ile ya kiwanda cha betri hapa Mombasa, ikitajwa, mjadala huenda moja kwa moja kwenye fidia: nani alipwe, kiasi gani, lini. Hiyo ni haki yao na sina neno nayo. Ila kuna jambo linalopitwa kila mara, nalo ndilo limenifanya nifungue uzi huu. Udongo.

Wengi wanaamini kiwanda kikifungwa na moshi ukikoma, sumu nayo imeondoka. Risasi, yaani yale madini mazito ya kwenye betri na si ya bunduki, haiko hivyo. Haiozi, haiungui, mvua haiipeleki mbali. Inashikana na udongo wa juu kabisa, ule tunaoufagia asubuhi, tunaopandia mchicha, ambao mtoto anatambaa juu yake, na hukaa hapo karne na karne.

Kwa asiyejua kisa chenyewe: Owino Uhuru ni kijiji cha watu wapatao 3,000 huku kwetu Mikindani, Mombasa. Mwaka 2007 kilifunguliwa kiwanda cha kuyeyusha betri mbovu za magari, ukuta kwa ukuta na nyumba za watu. Betri inapasuliwa, maji yake makali yanamwagwa, sahani za risasi zinatiwa tanuruni. Moshi ukawa unashuka juu ya mapaa, maji machafu yanapita kijijini, mabati yakaliwa na kutu kabla ya wakati wake. Phyllis Omido alikuwa mwajiriwa wa kiwanda hicho. Mwanawe mchanga akaugua, na vipimo vikaonyesha ana risasi damuni. Akaacha kazi, akaanza kuwaunganisha wenzake, akakamatwa, hakunyamaza. Kiwanda kikafungwa 2014, na 2015 akapewa Tuzo ya Mazingira ya Goldman.

Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi hapa Mombasa iliamuru wakaazi walipwe shilingi bilioni 1.3, na udongo usafishwe ndani ya miezi minne, la sivyo zitolewe milioni 700 za kuusafisha. Mwaka 2023 Mahakama ya Rufaa ikaiondoa ile fidia na kurudisha shauri chini. Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairejesha. Waulize watu mtaani: bilioni 1.3 wanaijua kwa kichwa. Amri ya kusafisha, ni wachache wanaojua hata kwamba ilitolewa.

Sasa twende kwenye namba, maana hapa ndipo pana mambo. Kuna utafiti uliochapishwa 2018 uliolinganisha Owino Uhuru na mtaa wa Bangladesh, ambao pia uko pande hizi hizi za Mikindani. Watoto wa Owino Uhuru walikuwa na wastani wa mikrogramu 7.4 za risasi kwa desilita ya damu, wa Bangladesh 3.7. Yaani mara mbili. Shirika la Afya Duniani linasema ukifika 5, chanzo kitafutwe na kiondolewe. Upande wa udongo, wastani wa Owino Uhuru ulikuwa miligramu 146.5 kwa kilo, Bangladesh 11.5.

Angalieni vizuri hiyo 146.5. Wakati ule kiwango cha Marekani cha kutilia shaka udongo wa makaazi kilikuwa 400, kikashushwa hadi 200 mwaka 2024. Afisa akishika karatasi anaweza kusema kwa sauti kavu kwamba kijiji kiko chini ya kiwango, twendeni nyumbani. Lakini katika sampuli hizo hizo ipo iliyofika 859. Mtoto hachezi kwenye wastani. Anacheza kwenye ua mmoja, pembe moja ya ukuta, mtaro mmoja. Ndiyo maana nasema kijiji kipimwe ua kwa ua, na ramani ibandikwe mahali ambapo kila mzazi ataiona.

Karibuni tuchangie. Mwenye kujua zaidi atufunze.

---

DerevaWaTunduma

Mkuu umenikumbusha Kabwe, kule Zambia. Sisi wa ruti ya Dar, Tunduma, Lusaka, ukishaiacha Kapiri Mposhi pale TAZARA inapoishia, Kabwe ndio mji unaofuata. Tunakula pale, wengine tunalala pale. Kiangazi kikikolea upepo unainua vumbi mpaka unawasha taa mchana. Kuna mlima mweusi wa mabaki ya mgodi unaouona kwa mbali, na watu wanauchimba kwa sururu wapate chochote cha kuuza.

Ule mgodi niliambiwa ulifungwa zamani sana. Bado una madhara? Na sisi wapita njia je?

---

MwanaChangamwe

Ulifungwa 1994, mkuu, baada ya karibu miaka 90 ya kuchimba na kuyeyusha risasi na zinki. Zamani mji uliitwa Broken Hill. Upepo wa pale hupeleka vumbi zaidi upande wa magharibi, na huko ndiko iliko Kasanda, mtaa uliokuwa wa wafanyakazi wa mgodi wenyewe. Kasanda, Makululu na Chowa zimepimwa na watafiti kwa miaka mingi, na wapo watoto waliozaliwa muda mrefu baada ya tanuru kuzimwa ambao damu zao zina risasi mara kumi ya hiyo 5 niliyotaja, na zaidi. Hawajawahi kuuona moshi wa mgodi ule. Wameipata ardhini.

Benki ya Dunia imefadhili mradi wa usafishaji Kabwe zaidi ya mara moja. Oktoba 2020 wakaazi walikwenda hadi Afrika Kusini kuishtaki Anglo American, kampuni ya madini wanayodai ilihusika na mgodi huo, na Desemba 2023 mahakama ya Johannesburg ikakataa shauri liende kama kesi ya kundi. Wakaomba rufaa. Mnaona njia ilivyo ndefu.

Wewe mpita njia hatari yako ni ndogo ukilinganisha na mkaazi. Funga vioo vumbi likivuma, nawa mikono kabla ya kula, viatu vya safari visiingie ndani kwako ukifika Dar, hasa kama una mtoto anayetambaa. Wanaochimba ule mlima ndio wanaobeba mzigo mzito, na nguo zao zinafuliwa nyumbani pamoja na za watoto.

---

Mzee wa Kazi

Vijana, mimi nimefanya kazi karakana za betri tangu ujana. Nimeshika risasi kwa mikono hii, nimeyeyusha, nimemimina. Niko hapa nina wajukuu. Hizi habari za sumu mnazikuza. Mbona watu wa huko kijijini hawajaisha wote?

---

Nesi_Likoni

Shikamoo mzee wangu. Naomba nikujibu kwa heshima, maana hili swali huwa naulizwa kliniki pia.

Risasi haiui kama nyoka. Mtu mzima akimeza risasi, mwili unafyonza kama sehemu moja ya kumi, nyingine inapita. Mtoto mdogo anafyonza karibu nusu. Mwili unaidhania ni kalisi, kwa hiyo unaipeleka kwenye mifupa na kuihifadhi, na nyingine inaingia kwenye ubongo ambao bado unajengwa. Wewe ubongo wako ulikuwa umeshakomaa ulipoanza kazi. Mjukuu wako wa miaka miwili hana kinga hiyo.

Anachoonyesha mtoto ni vitu ambavyo mzazi hawezi kuviita ugonjwa. Tumbo linauma mara kwa mara, choo kigumu, damu pungufu isiyopanda hata akipewa dawa za kuongeza damu, anachelewa kusema, darasani hatulii, mwalimu anamwita mtukutu. Anachapwa kwa kosa ambalo si lake. Kiwango kikiwa juu sana ndipo degedege linapokuja, na hapo mara nyingi tumeshachelewa. Thiaroye-sur-Mer kule Dakar, Senegal, watoto 18 walikufa kati ya Novemba 2007 na Machi 2008. Watu walikuwa wanachekecha udongo wa mahali palipovunjwa betri ili waokote vipande vya risasi wauze, na vumbi hilo likaingia majumbani.

Na mzee, kwa upendo kabisa, wewe mwenyewe kapime presha na figo. Risasi ya zamani hukaa kwenye mifupa miaka mingi sana.

---

Mzee wa Kazi

Marahaba binti yangu. Presha ninayo kwa kweli, namezea dawa. Hilo la kalisi na mifupa hakuna aliyewahi kutueleza kazini. Tulikuwa tunapewa maziwa tu na kuambiwa yanasafisha.

---

Nesi_Likoni

Maziwa yana faida yake mzee, kwa sababu mwenye kalisi na madini ya chuma ya kutosha hufyonza risasi kidogo kuliko mwenye upungufu. Hayatoi iliyokwisha kuingia.

Niongeze kitu kwa wote. Risasi kwenye damu hupungua kwa nusu kwa mwezi mmoja hivi ukiondoka kwenye chanzo. Kwa hiyo mtu akipimwa miaka kadhaa baada ya kiwanda kufungwa, damu inaweza kuonekana nzuri huku mifupa imejaa. Mwanamke akishika mimba, mwili unachota kalisi kutoka mifupani na risasi inatoka nayo. Mama aliyekulia karibu na tanuru anaweza kumpitishia mtoto aliye tumboni sumu ya utoto wake mwenyewe. Ukienda kliniki ya wajawazito, mwambie muuguzi ulikulia wapi.

Dawa za kuitoa zipo, kwa kawaida tunazitumia kiwango kikifika mikrogramu 45 kwa desilita ya damu na kuendelea. Lakini ukimtibu mtoto kisha ukamrudisha kwenye ua ule ule, ni kazi bure. Udongo kwanza.

---

Mama Salma

Mwanangu MwanaChangamwe, Mungu akubariki kwa uzi huu. Nina swali langu. Nimenunua kiwanja kwa shida, na nyuma yake palikuwa na mtu anayeyeyusha chuma chakavu na betri, ameshahama. Udongo ule sehemu nyingine ni mweusi una chenga chenga nzito. Nimepanda mchicha, mihogo na bamia, na kuku wangu wanazurura. Nifanye nini mimi? Kuhama siwezi.

---

KilimoMjini

Mama Salma, shikamoo. Mimi ni bwana shamba, acha nikusaidie hapa.

Kwanza zile chenga nyeusi nzito ni mabaki ya tanuru. Usiziguse mikono mitupu, usizisogeze kwa fagio kavu, na usiruhusu mtu azichukue kujazia njia au kuchanganya na zege. Hii ya kujazia njia ndiyo inayosambaza sumu mtaa mzima, na hufanywa na watu wema kabisa wanaotaka kuziba matope.

Pili, mboga hazifanani. Majani na mizizi ndiyo yenye shida, yaani mchicha, sukuma, matembele, mihogo, karoti. Matunda kama bamia, nyanya, pilipili na papai huchukua risasi kidogo sana ndani yake. Kwenye mchicha, sehemu kubwa ya risasi ni vumbi lililokalia majani, kwa hiyo kuosha sana kunasaidia. Kadimiamu, metali nyingine yenye sumu, ni hadithi nyingine, hiyo hupanda kupitia mizizi na huwezi kuiosha, na huwa imeandamana na zinki kwenye viwanda vya aina ile ya Kabwe. Kwa sasa ng'oa mchicha na mihogo, acha bamia. Ukitaka mboga za majani, zipande kwenye viroba au matuta ya juu, kwa udongo ulioletwa kutoka mahali safi na mboji nyingi.

Kuku ndio wanaonipa wasiwasi zaidi. Kuku wa kienyeji anakula udongo siku nzima. Kabwe walipima kuku wa kuzurura wakakuta risasi nyingi kwenye maini na figo. Wafungie banda mbali na sehemu ile nyeusi, maini na firigisi msiwape watoto, na mayai msile mpaka upate majibu ya udongo.

Ua ambao watoto wanakaa, funika. Zege kama una uwezo, au udongo safi mnene juu yake, halafu nyasi. Ndani ya nyumba pangusa sakafu kwa kitambaa chenye maji badala ya kufagia.

---

Kijana_Ilala

Nimeona video wanasema ukipanda alizeti inanyonya sumu yote kwenye udongo. Kwa nini tusipande tu alizeti Owino Uhuru?

---

KilimoMjini

Natamani ingekuwa kweli, ndugu. Mmea unanyonya risasi kidogo mno, na kwa udongo uliochafuka sana utapanda na kuvuna maisha yako yote. Kisha hayo mabua yenye sumu utayapeleka wapi? Watu watayafanya kuni. Faida ya mimea ni kuishikilia ardhi isiinuke na upepo. Hapo nyasi zinaizidi alizeti.

---

Yaya wa Lushi

Jambo yenu wote. Niko wa Lubumbashi, Kongo, nasoma tangu chini na mambo haya nayajua kwa macho.

Kwetu tanuru la shaba lilianza 1911 wakati wa Union Minière, kampuni ya madini ya Wabelgiji, baadaye likawa la Gécamines, kampuni ya serikali. Bomba lake na mlima wake mweusi ndio alama ya mji, tunazipiga picha, ziko hata kwenye michoro ya wachoraji wetu. Upepo wetu unatoka kusini-mashariki, kwa hiyo moshi ulikuwa unaenda upande mwingine wa mji, kule Penga Penga. Ukifika Penga Penga utaelewa bila kusomewa kitabu. Miti ilikufa, ardhi ikabaki wazi, nyekundu, mvua inaikata mifereji. Shaba, zinki, kadimiamu, risasi, kobalti, aseniki, vyote vimo. Shaba ikizidi mimea inaungua mizizi.

Hiyo ya nyasi anayosema KilimoMjini, Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Ubelgiji waliijaribu pale pale. Walitumia nyasi ndogo ya kwetu inayoitwa kwa kisayansi Microchloa altera, inaota yenyewe penye shaba. Wakaweka chokaa na mboji, wakaipandikiza. Sumu haiondoki, lakini ardhi inafunikwa na vumbi linapungua. Chokaa ni muhimu kwa sababu udongo ukiwa mchachu, kadimiamu na zinki zinaingia kwenye mmea upesi.

Kinachoniuma ni bustani. Mama zetu wanalima lengalenga, yaani mchicha, na kabichi ya Kichina kwenye mabonde ya mito ndani ya mji, wanamwagilia na maji yale, na jioni inauzwa sokoni vifungu vifungu. Wameyapima hayo majani, metali zimo kupita kiasi. Lakini huwezi kumwambia mama mwenye watoto sita aache bustani kama humpi ardhi ingine. Hapo serikali na makampuni wanapaswa kuwekwa mezani pamoja, walete maji safi na udongo safi kwanza, ndipo waseme habari ya kukataza.

---

MwanaChangamwe

Yaya, asante sana. Hilo la mwisho nimelinakili. Hata Owino Uhuru, ukiwaambia watu wasipande, wasifuge, wengi hawana mahali pengine. Katazo lisilo na mbadala linamhamishia mwathirika kosa la mchafuzi.

Na tusidhani ni vijiji viwili vitatu. Kuna utafiti wa 2018 uliopima udongo kuzunguka viwanda 16 vya kutengeneza na kuyeyusha betri katika nchi saba za Afrika, Kenya na Tanzania zikiwemo. Asilimia 81 ya sampuli zilizidi miligramu 80 kwa kilo, na iliyokuwa mbaya zaidi ilifika 140,000. Laki moja na arobaini elfu, wakuu. Yaani asilimia 14 ya udongo wa sampuli hiyo ni risasi tupu. Na vingi vya viwanda hivyo vilikuwa bado vinafanya kazi. Betri za sola na bodaboda zinaongezeka kila mwaka, zote zitakufa, na zote zitatafuta tanuru.

---

MtotoWaPwani

Swali la haraka wakuu, niko Bagamoyo. Mjomba wangu ni mvuvi, anayeyusha risasi za betri uani kutengeneza chubwi za mishipi na nyavu. Anatumia sufuria kuukuu na jiko la mkaa, chini ya mwembe, anamimina kwenye vikombe vya mchanga. Watoto huwa wanamzunguka kuangalia kwa sababu inang'aa ikiiva. Hilo nalo ni tanuru au ni kidogo mno?

---

Nesi_Likoni

Ni tanuru, mdogo wangu. Risasi inayeyuka kwa nyuzi 327 tu, jiko la mkaa linafika hapo bila shida, ndiyo maana kila mtu anaweza. Ule utando wa unga unaoganda juu ya sufuria anaouengua na kuutupa pembeni ndio mbaya kuliko yote, unapeperuka na kushika mikono. Mwambie mjomba, kwa adabu, mambo haya: watoto wasikaribie kabisa, asiyeyushe uani wala kwenye upepo wa kuelekea nyumba, ile sufuria isirudi jikoni hata siku moja, aoge na kubadili nguo kabla ya kumbeba mtoto. Na betri asipasue mwenyewe. Bora anunue chubwi zilizokwisha kutengenezwa, au atumie mawe na vipande vya chuma kama wazee walivyofanya. Chini ya mwembe huo pafunikwe, watoto wahamie kivuli kingine.

---

MtotoWaPwani

Nimeelewa dada, nitaongea naye leo leo. Kuna kibinti chake cha miaka mitatu kinapenda kula mchanga.

---

Nesi_Likoni

Huyo mpelekeni akapimwe wiki hii, msingoje. Waambieni hospitalini mnataka kipimo cha risasi kwenye damu, na mweleze kazi ya baba. Kipimo cha kawaida cha wingi wa damu hakitaonyesha risasi.

---

Mama Salma

Nimeshaanza kuwafungia kuku. Sasa huo udongo naupeleka wapi kupimwa, na nauchukuaje? Nisije nikaenda na ndoo nzima.

---

KilimoMjini

Mama, ndoo haihitajiki. Gawa kiwanja sehemu sehemu: ua wa watoto peke yake, bustani peke yake, upande mweusi peke yake. Kila sehemu chota kidogo kidogo mahali kadhaa, udongo wa juu tu, kina cha vidole viwili, isipokuwa bustani ambako unachota hadi mizizi inapofika. Changanya za sehemu moja kwenye chombo cha plastiki, chukua kama nusu kilo, tia kwenye mfuko safi, andika jina la sehemu. Usichanganye ua na bustani, na kijiko usafishe kabla ya kuhamia sehemu nyingine. Anza na pasafi, malizia na pachafu. Vaa glavu au hata mfuko wa nailoni mkononi.

Kwa Tanzania kuna Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, maabara za udongo za Chuo Kikuu cha Sokoine na ya TARI (taasisi ya utafiti wa kilimo) Mlingano kule Tanga. Kenya, KALRO (shirika la utafiti wa kilimo na mifugo) kule Kabete na maabara za vyuo vikuu. Piga simu kwanza uulize kama mashine ya kupima metali nzito inafanya kazi na bei yake. Jambo moja usilisahau: ukisema tu "naomba kupima udongo" watakupimia rutuba, yaani uchachu, naitrojeni, fosforasi na potasiamu, na utarudi nyumbani na karatasi nzuri isiyosema lolote kuhusu risasi. Andika wazi kwenye fomu: risasi, kadimiamu, aseniki, zinki, shaba. Majibu yakitoka yaweke hapa tuyasome pamoja.

---

MwanaChangamwe

Mama Salma, kama unaweza, chukua pia sampuli moja kwenye kiwanja cha jirani aliye mbali na tanuru, ili iwe ya kulinganisha. Bila hiyo, ukienda ofisi ya mazingira watakuambia udongo wa mtaa mzima uko hivyo hivyo. Na majirani wa karibu waambie mchange, mpime pamoja, barua iende na sahihi zenu nyote. Owino Uhuru hawakusikilizwa mpaka walipokwenda kwa wingi wao.